Mpira Mmoja Uliopita

Zephania Wambura alikuwa mtunza uwanja wa michezo pale Hagsätra, kitongoji cha Stockholm, na kwa miaka yote tuliyoishi jengo moja, ngazi moja, sikupata kumwona akipiga mpira. Wakati wa kiangazi alichora mistari ya chokaa, akashona nyavu, akaokota chupa. Baridi ilipoingia aliamka alfajiri, akavuta bomba refu na kuumwagia maji uwanja wa changarawe, tabaka juu ya tabaka, mpaka ukawa barafu ya watoto kutelezea. Mpira wa watoto ukimfikia miguuni aliinama, akauokota kwa mikono na kumrudishia mwenyewe. Sisi watu wa kwetu tulilistaajabia jambo hilo, kwa sababu wote tulijua kwamba Zephania alipata kucheza mpira wa kulipwa Amerika.

Si mpira huu wetu. Ni ule wao, wa kukimbia nao mikononi, wenye umbo la yai lililochongoka ncha zote mbili, ambao wachezaji wake huvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Zephania alizaliwa karibu na Musoma, akasoma kwa wamisionari wa Kimarekani, nao wakamtafutia nafasi katika chuo kimoja cha Pennsylvania. Chuoni alicheza mpira wetu wa kawaida. Miaka ile makocha wa kule walikuwa wameanza kugundua kwamba wageni hupiga mpira kwa upande wa mguu, wakitokea ubavuni, na kwamba mpira wao huenda mbali kuliko wa Wamarekani waliozoea kupiga kwa ncha ya kiatu. Hivyo mwaka 1967 timu ya mji mmoja wa viwanda vya chuma ikamchukua. Ligi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini wachezaji walilipwa, na jina la Zephania liliandikwa mgongoni mwa fulana.

Kazi yake ilikuwa moja. Timu ikisogeza mpira hadi karibu na nguzo mbili za wapinzani na kukwama hapo, huitwa mpigaji. Mtu mmoja humshikia mpira chini, naye huupiga upite katikati ya nguzo, juu ya mwamba unaoziunganisha. Ukipita, timu inapata pointi tatu. Baada ya hapo mpigaji hurudi kwenye benchi, akafunika mguu wake kwa blanketi usipoe, akangoja.

"Mpigaji wa timu inayofungwa hana kazi," aliniambia siku moja. Ili aitwe, lazima wenzake wafike karibu na nguzo, na wenzake hawakuwa wakifika. Alifungua mchezo kwa teke moja, kisha akakaa na blanketi lake akitazama wakigaragazwa. Mechi ya kwanza walifungwa, na ya pili, na ya tatu. Kocha alibadilisha wachezaji, kisha mwenye timu akabadilisha kocha. Waliendelea kufungwa.

Baba yake, Mzee Wambura, alikuwa seremala. Mabenchi ya kanisa lao aliyatengeneza yeye, na nguzo za goli za shule ya misheni alizichonga yeye pia, mwaka Zephania alipoanza darasa la kwanza. Alijua kwamba mwanawe amepata kazi ya kupiga mpira upite katikati ya nguzo. Wanaume wengi wa umri wake wangecheka. Yeye, nasikia, aliuliza tu nguzo za huko zina urefu gani.

Wiki ya mechi ya kwanza Zephania alikuwa ameagiza simu. Wakati ule kupiga simu kutoka Amerika hadi Musoma ilikuwa shughuli kubwa. Unaiomba mapema, unapewa siku na saa, na ukiunganishwa unapewa dakika tatu. Kule Musoma mzee alivaa koti lake la kanisani, akaenda ofisi ya misheni akisindikizwa na rafiki yake Mashauri, mtunza hazina wa kanisa, ambaye aliwahi kushika simu na hakuiogopa.

Timu ya Zephania ilikuwa imefungwa jana yake. Alikusudia kumweleza baba yake hivyo hivyo, kwamba wameanza vibaya na kwamba yeye hakupata nafasi ya kupiga. Lakini mtu haanzi na habari mbaya. Kwanza ni shikamoo na marahaba. Habari za huko? Nzuri, baba. Habari za afya? Nzuri. Habari za hao unaokaa nao? Nzuri. Za kazi? Nzuri. Na huo mpira wenu? Nzuri tu, baba. Kisha yeye naye akauliza habari za mama, za ng'ombe, za mvua, za shangazi aliyekuwa mgonjwa, na baba akajibu nzuri, nzuri, nzuri, ingawa shangazi alikuwa amekwisha kuzikwa. Kila mmoja alikuwa akielekea kwenye neno lake. Ndipo simu ikakatika.

Jumapili iliyofuata Mzee Wambura alileta kanisani jogoo wa shukrani. Mashauri alisimama akatangaza kwamba kijana wao Zephania ameanza kazi Amerika na mpira unakwenda vizuri. Watu walipiga vigelegele. Baada ya ibada jogoo aliuzwa mnadani pale nje, kama yanavyouzwa mayai na mihogo ya sadaka, na mzee mwenyewe akamnunua tena kwa furaha. Tangu siku hiyo kanisa likaiombea timu ile ya mji wa chuma kila Jumapili. Hakuna aliyejua kutamka jina lake sawasawa.

Zephania alipata habari za jogoo katika salamu alizoletewa na mmisionari aliyekuja likizo Amerika. Aliniambia alicheka kwanza, kisha akakaa kitandani. Angeweza kuandika siku ileile. Alingoja ushindi mmoja, ili ukweli ukienda usiende mtupu. Ushindi haukuja, na kila wiki iliyopita iliufanya ukweli kuwa mzito zaidi. Mwishowe alikuwa akiandika kwamba hajambo, kwamba baridi imezidi, na kwamba anawasalimu wote. Huko nyumbani walijijazia wenyewe yaliyobaki.

Msimu ulipokwisha hawakuwa wameshinda hata mechi moja. Timu ikavunjwa. Mwaka uliofuata Zephania alikuja Stockholm, ambako mchumba wake Agripina alikuwa akisomea uuguzi, na wakaoana. Alijifunza Kiswidi katika darasa la wageni, akafagia mabehewa ya treni ya chini ya ardhi kwa muda, kisha akapata kazi ya uwanja. Walizaa binti, Adelina. Aliishi vizuri, kwa kadiri mtu anavyoweza kuona kutoka mlango wa pili.

Ila hakwenda kwao. Agripina alikwenda mara mbili na mtoto. Zephania kila mara alikuwa na sababu. Mkewe aliijua ile ya kweli, maana aliambiwa kabla ya ndoa, na alimwambia bila kuzunguka kwamba jambo la jogoo linachekesha, kwamba mzee atacheka, kwamba angekwenda tu aseme. Zephania alimjibu kwamba mzee angecheka, ndiyo, lakini angecheka akiwa amekaa kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe, mbele ya watu waliomwona akinunua jogoo.

Mwezi Juni 1975 Mzee Mashauri alikuja Stockholm, yeye na wenzake wachache, wamealikwa na kanisa moja la huku. Siku zake za mwisho alilala kwa Zephania. Alileta dagaa waliofungwa kwenye gazeti, na ngazi nzima ikanukia ziwa. Jirani wa chini, mama wa Kiswidi, alikuja kuuliza kama kuna bomba limepasuka.

Jioni ya kwanza tulialikwa kula, mimi na Onyango, Mkenya aliyeendesha basi, mtu wa maneno mengi. Agripina alisonga ugali wa unga wa ngano ya chengachenga, kwa kuwa wa mahindi ulikuwa haupatikani. Mashauri alikuwa mwembamba, na alikula akiwa amevaa koti. Alipomaliza akamgeukia Zephania, akamtaka aeleze ule msimu wa Amerika, kwani wamesubiri miaka kuusikia kwa mdomo wake.

Onyango akadakia. "Mzee, huyu mimi namjua miaka mingi. Hata kopo tupu sijaona alipige teke. Bingwa gani huyo?"

"Wewe una wivu wa Kikenya," Mashauri alimwambia. "Sisi tulimwombea huyu kila Jumapili. Hakuna mechi iliyoponyoka."

"Hata moja? Ni timu gani hiyo haifungwi hata moja?"

"Timu iliyoombewa."

Tulicheka sana. Zephania naye alicheka, akainuka kwenda kuleta maji, ingawa jagi lilikuwa limejaa. Adelina, aliyekuwa na miaka mitano, alimuuliza kwa Kiswidi, kama wafanyavyo watoto wetu, kama ni kweli walishinda zote. Baba yake akamwambia ale.

Kisha Mashauri akatoa ujumbe aliotumwa. Mzee Wambura alikuwa hajambo lakini macho yalikuwa yakififia, hapigi tena randa. Alikuwa amesikia kwa wamisionari kwamba Amerika timu ikishinda, mpira wa mechi hiyo hupewa mchezaji mmoja akauweka kwake. Aliomba, kama Zephania anao hata mmoja, Mashauri amletee aushike.

Desturi hiyo ni ya kweli. Zephania alinieleza baadaye kwamba chumba chao cha kuvalia kilikuwa na rafu waliyoitengeneza mwanzoni mwa msimu kwa ajili ya mipira hiyo, nayo ilibaki tupu hadi mwisho, mtu mmoja akawa anaweka soksi zake pale. Jioni ile hakusema hivyo. Alisema atautafuta.

Jumamosi alikwenda Gärdet, kwenye nyasi zile pana, ambako vijana wa Kimarekani waliokimbia jeshi la nchi yao walikuwa wakicheza mchezo wao. Mmoja alimpa mpira wa akiba kwa koti zuri la baridi. Ulikuwa karibu mpya. Zephania akaenda nao uwanjani kwake Hagsätra, akaulowesha, akauburuta kwenye changarawe, akaukanyaga, mpaka ukaonekana umepitia vita. Agripina alikwenda kumwita chakula akamkuta amepiga magoti, anausugua. Aligeuka, akarudi peke yake. Alikuja kuniambia mimi, akiwa amesimama mlangoni kwangu na mikono kifuani.

Siku ya safari Zephania alimsindikiza Mashauri hadi uwanja wa ndege wa Arlanda, na mpira ulikuwa ndani ya mfuko wa duka. Njia nzima ndani ya basi mzee alisifia misitu, akauliza ni ya nani. Walipofika, Zephania aliutoa mfuko kumkabidhi, na mkono wake ukakataa kuuachia.

"Mzee, ile timu haikushinda," alisema.

"Mechi ipi?"

"Zote."

Mashauri alimtazama. "Zote?"

"Zote, mzee. Na huu mpira nimeupata juzi."

Watu walipita na masanduku yao. Mashauri alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Basi Mungu alituvumilia sana," alisema. Zephania aliniambia alitamani acheke, na mzee hakucheka. Ndipo akaanza kumweleza haraka haraka yote, simu, salamu, jogoo, kisha akamwomba akamfikishie baba yake, kwa kuwa yeye ameshindwa.

Mashauri alikataa. "Mimi ndiye niliyesimama mbele za watu nikatangaza," alisema. "Nikimwambia mimi, nitakuwa nimempelekea umbea wa mtoto wake. Ukimwambia wewe, mtoto wake atakuwa amerudi." Akamrudishia mfuko. "Njoo Desemba. Nitamwambia unakuja nao mwenyewe."

Zephania alirudi nyumbani mwepesi. Majira yale ya kiangazi na vuli tulimwona mtu mwingine. Alimwambia Agripina sasa anajua atakavyoanza. Hataanza na kufungwa, ataanza na mechi ya mwisho, kwa maana kulikuwa na jambo moja katika msimu ule ambalo hakuwahi kumsimulia baba yake, na hakuweza kumsimulia bila kufichua mengine yote. Kwa timu inayoshinda kila wiki jambo lile lisingekuwa kitu. Lilikuwa na maana kwa timu iliyofungwa tu.

Mwanzoni mwa Desemba baridi kali ilishuka. Zephania alikuwa amekwisha kuomba likizo na msimamizi wake amekubali, amesema watajitahidi bila yeye. Lakini alfajiri moja alimwaga maji tabaka la kwanza, likashika vizuri kuliko miaka yote, na aliporudi kunywa chai akamwambia mkewe kwamba afadhali asafiri Machi, barafu ikiyeyuka. Nani angeumwagia uwanja? Agripina alimwambia yupo mtu mwingine wa kuumwagia. Akasema huyo hajui, anamwaga maji mengi mno kwa mara moja. Hakuna aliyemzuia Zephania Wambura mwaka ule. Alijificha nyuma ya barafu aliyoitengeneza mwenyewe.

Mzee Wambura alifariki Februari.

Simu ya maandishi ilifika Jumatano, na kwa ndege zilivyokuwa Zephania alifika kwao siku mbili baada ya mazishi. Mpira alikwenda nao, hata yeye hakujua kwa nini. Alikuta chumba kimepakwa chokaa na kitanda kipya cha mvule. Mama yake alimwambia kwamba mzee alikitengeneza kwa kupapasa, tangu Mashauri aliposema mtoto anakuja, na kwamba miguu ya kitanda haikulingana, akawa anaweka kipande cha ubao chini ya mmoja na kusema atakirekebisha Zephania mwenyewe akija. Kwenye mazishi wasifu wa marehemu ulikuwa umesomwa, na ndani yake lilikuwamo kwamba alikuwa baba wa mchezaji ambaye timu yake haikufungwa katika nchi ya Amerika. Aliyeusoma ni Mashauri.

Jumapili Mashauri alimwita mbele aseme neno kwa niaba ya familia. Alimpa nafasi, na wote wawili walijua ni nafasi ya nini. Zephania alisimama mbele ya mabenchi ya baba yake. Akawasalimu kwa jina la Bwana. Akawauliza habari za asubuhi, nao, wafiwa na majirani, wakajibu kwa sauti moja kwamba ni nzuri. Wakamuuliza habari za Ulaya, akajibu nzuri. Habari za mama Adelina? Nzuri. Safari? Nzuri. Akawashukuru kwa kumzika mzee, na kwa maombi yao ya miaka mingi, akaketi. Mashauri alikuwa akitazama ndani ya kofia yake. Baada ya ibada mtu mmoja alitoa jogoo wa shukrani kwa kurudi kwa bingwa wao, na kwa kuwa mila inataka hivyo, Zephania akamnunua.

Alirudi na mpira. Sasa uko ghalani kwake uwanjani, kati ya makopo ya chokaa. Ana miaka arobaini kasoro kidogo, nywele zimeanza mvi juu ya masikio.

Haya yote alinisimulia vipande vipande katika chumba cha kufulia chini ya jengo letu, ambako zamu yangu ilifuatana na ya kwao. Mashuka ya vitanda hayakunjiki na mtu mmoja. Yeye alishika ncha mbili na mimi mbili, tukayanyoosha, tukasogeleana, tukaachana tena. Siku moja, majira haya ya baridi yaliyopita, nilimuuliza ni jambo gani lile alilotaka kuanza nalo. Tukamaliza shuka la kwanza.

"Dada, tulikuwa tumefungwa mechi zote," alisema.

Kisha akaendelea. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na uwanja ulikuwa tope tupu. Watazamaji waliobaki wangetosha kujaza mabasi mawili. Wapinzani walikuwa na pointi zaidi ya thelathini na wao hawakuwa na kitu, na dakika zilikuwa karibu kwisha, wenzake wakajikuta, hawakujua hata wao imekuwaje, karibu na nguzo. Kocha alimtazama, akampungia mkono aingie, kama mtu anayeruhusu mtoto ajaribu. Mguu wake ulikuwa umekufa ganzi chini ya blanketi. Aliyemshikia mpira, jitu moja refu lililotoka zamu ya usiku kiwandani, lilimwambia apige tu, hakuna cha kupoteza. Akapiga. Ulipaa ukiwa umelala ubavu, ukagusa nguzo ya kulia kwa ndani, ukapita.

Wakambeba. Timu nzima, iliyofungwa msimu mzima, ikamnyanyua juu na kuzunguka naye topeni, wakicheka kama wendawazimu. Watu wa mabasi mawili walisimama wakapiga makofi. Mpinzani mmoja alivua kofia yake ngumu akaja kumpa mkono. Zephania alisema kwamba hajawahi kupendwa na watu wengi namna ile kwa wakati mmoja.

Alikuwa ameshika shuka kifuani na hakulikunja. "Mzee angenielewa," alisema. "Asingeniuliza nani alishinda. Angeniuliza nguzo zilikuwa za mti gani."

Mashine nyuma yetu ilimaliza kuzunguka, ikanyamaza. Nikaona hakuna mwingine mle ndani wa kuuliza.

"Zilikuwa za mti gani?"

Alifikiri, kwa uangalifu, kama aliyeulizwa na mtu anayestahili jibu sahihi.

"Zilikuwa za chuma, dada. Mji wa chuma ule. Mzee asingezipenda."